Hoza, Umezikwa na Bado Unanishinda

Jamani, akili imegoma kabisa. Hoza wetu wa Lukozi, mtafsiri wa sinema, aliinama kwenye kabichi zake asubuhi, presha ikapanda, hakuinuka tena. Innalillahi.

Wengine mliandika siku ile ile, na picha mkaweka. "Rafiki yangu kipenzi." Kipenzi chako tangu lini? Hata wewe uliyemwazima chaja mara moja pale stendi ya Lushoto? Haya. Mimi Kaniki nimefanya naye kazi moja tangu ujana wetu, na muda wote huo nilikuwa namwonea wivu. Nimechelewa, lakini niacheni nami niseme.

Kwa msiomjua: sisi tunaweka sauti ya Kiswahili kwenye tamthilia za nje. Yeye alikuwa na banda lake la video Lukozi, mimi langu liko Lushoto mjini. Mashine zangu nzuri kuliko zake. Editing yangu safi, deadline sikosi. Watu wakapanda Noah wakaenda Lukozi kumsikiliza yeye!

Roho ilikuwa inaniuma, nisiwadanganye.

Mwaka huu tulichukua tamthilia moja, ile ya chombo kinachozunguka kwenye nyota, kila mtu akatafsiri kivyake. Kuna pahala kamanda, kijana tu, anakutana na kiumbe mwenye sura ya mtoto lakini umri wake miaka mia kadhaa. Mimi nikampa kamanda maneno yaliyosemwa: "Habari yako."

Bandani kwangu watu wakaguna. "Hana adabu huyu! Mtu mzima yule!"

Nikasikia kwamba kwa Hoza kamanda amepiga goti, "Shikamoo bibi," na kile kitoto kikajibu, "Marahaba mjukuu wangu, nyumbani hawajambo?" Watu wakaanguka kwa kicheko. Na roboti lao kila likiwashwa linasema, "Onga makeo!", ile salamu yetu ya asubuhi. Roboti Msambaa!

Nikampigia kumgombeza. "Hoza, hayo hayamo kwenye sinema." Akanijibu, "Kaniki bwana, hayamo kwa sababu walisahau."

Sasa muziki. Kabla ya kila onyesho alikuwa anapiga albamu mpya ya wazee fulani wa ng'ambo, wa metal, mvi mpaka kwenye nyusi, magitaa yananguruma kama lori la mbao linapanda mlima. Nikamuuliza wazee hawa wana hasira gani. "Hawana hasira," akasema, "wana afya."

Hilo la wazee ndilo lililonimaliza, maana lilimfikisha mpaka kwa shangazi yangu.

Shangazi alikuwa mwimbaji wa ngoma zetu, milima yote hii inamjua. Kisha akanyamaza. Kila Idi nilikwenda na maiki yangu, nikambembeleza. Kila Idi jibu moja: "Sauti imekwisha, mwanangu."

Mwezi mmoja tu Hoza anakwenda pale, anakaa jikoni, anamenya maharage naye, anamsikilizisha wale wazee wa magitaa, na shangazi akatoa wimbo. Mpya! Hoza akauweka kuwa wimbo wa kufungulia ile tamthilia. Chombo kinapaa angani, na shangazi YANGU anaimba Kishambaa. Niliusikia kwa mara ya kwanza kwenye simu ya muuza karoti.

Nikapanda kwa shangazi nimefura. Shikamoo yenyewe niliitoa nusu. "Shangazi, mimi si mtoto wa kaka yako? Hoza ni nani yako?"

Hata hakuacha kupepeta. "Wewe kila ukija unataka zile za zamani. Mwenzio aliniuliza nina nini kipya."

Nilishuka na boda mpaka Lushoto.

Nilikuwa nataka kitu kimoja tu, jamani. Watu wa Lukozi wacheke kwangu walivyokuwa wanacheka kwake. Siku moja tu.

Hoza alifariki sehemu ya mwisho ameirekodi nusu. Baada ya khitma mkewe akaniletea laptop. "Shemeji, malizia. Watu wanaulizia." Mungu anisamehe, niliikumbatia ile laptop kifuani nikajiona nimepata.

Jumamosi mchana banda lake la Lukozi lilijaa mpaka nje. Shangazi mbele. Sauti ya Hoza ikaenda, ikaenda, ikakatika katikati ya sentensi. Nikashika maiki.

Nilijitahidi, wallahi. Nikaweka utani, nikaweka Kishambaa, nikaweka kila alichokuwa anaweka yeye. Watu wakatulia, wananisikiliza kwa heshima. Hakucheka hata mmoja.

Ikaisha, wakapiga makofi. Mama mmoja muuza viazi akasimama. "Ahsante mwanangu, umemaliza vizuri. Sasa turudishie kule mwanzo tumsikie Hoza."

Banda zima: "Turudishie!"

Nikarudisha kwa mkono wangu mwenyewe.

Hata dakika haikupita, wakaanza. Wanapigana mabega, wanafuta machozi, shangazi ameshika mbavu. Mimi nimesimama na maiki imezimwa, nakuonea wivu wewe, maiti! Ukamtolea rubani wa chombo ile "Onga makeo!" ya roboti lako, nikacheka mpaka nikakaa chini kwenye vumbi. Kisha kilio kikanijia, na walionizunguka wakadhani bado nacheka.

Hoza, mdogo wangu, hasimu wangu. Watu wako wamekataa kuhama. Nami nimeona afadhali, maana ningewapeleka wapi?

Lala, bwana, lala kwa amani. Jumamosi ijayo wanakutaka tena, na mimi ndiye nitakayekuwasha.