Nilivyoikalia Betri

Kwenye maonyesho ya vyondo, vile vikapu vya kusuka, na vinyago mjini Wote, kazi yangu ilikuwa kukaa chini ya meza na kuchunga betri. Mama alinipa hiyo kazi kwa sababu siwezi kuita wateja. Mtu nisiyemjua akiniangalia sauti inaisha. Basi yeye alisimama mbele na vyondo vyake, mimi huku chini nikishikilia klipu za waya zisiteleze, na juu yetu balbu tatu zikawaka. Stima ya uwanja haikufika safu yetu. Wageni wengi hununua jioni, na bila betri wasingetuona.

Betri yenyewe ilitoka kwa mwethya, kikundi cha kina mama wa kijijini kwetu, Tulia. Wanalima shamba la mmoja leo, la mwingine kesho, na zamu yako ikifika wanakununulia kitu cha nyumba. Wengine huomba sufuria. Mama aliomba betri na soli, ile paneli ya jua ya kuichaji, apate mwanga wa kusuka. Baba akaanza kuchajia watu simu nayo, na polepole ikawa inaitwa betri yake. Tulipoibeba kwenda Wote baba alikuwa Tseikuru, ameenda kununua mbuzi. Mama alidhani maonyesho yataisha kabla hajarudi.

Alirudi siku ya mwisho, akatufuata uwanjani jua likizama. Niliona viatu vyake kwanza. Hakusalimia mtu. Aliuliza ni nani alitoa betri kwake, na mama akamjibu kwa sauti ya chini, maana kulikuwa na mteja, kwamba wataongea nyumbani. Kofi nilisikia kabla sijaona kitu. Mama aliangukia vyondo, mdomo unatoka damu. Mteja akarudisha kiondo mezani akaenda zake. Baba akavuta waya, balbu moja ikapasukia kichwani kwangu, kisha akainama chini ya meza.

Nilikuwa nimeikalia betri.

"Toka hapo."

Sikutoka. Sijawahi kumkatalia baba kitu, hata kumletea maji nikiwa mgonjwa. Alinivuta sikio mpaka nikasikia likichanika. Akawauliza watu kama huyu mtoto amekuwa bubu.

"Ni ya mama," nikasema.

Akanipiga teke la mbavu, na la pili likapata betri. Ikainama, maji yake ya asidi yakanimwagikia mguuni, yakachoma kama pilipili kwa kidonda. Niliikumbatia hivyo hivyo.

Mkubwa wa mwethya, mama mzee tunayemwita susu, yaani nyanya, alikuwa meza ya pili. Alichukua bakora kwa meza ya mchongaji bila kuomba.

"Hiyo tulimpa sisi," akamwambia baba. "Wewe tulikupa nini?"

Akamchapa nayo begani. Wenzake wa mwethya wakaja kutoka meza zao na walichopata. Mmoja alimpiga baba gotini kwa twiga wa mbao hadi akavunjika twiga, na mchongaji akalalamika tu kuhusu twiga. Baba alianguka na hawakuacha. Kila fimbo ikitua mgongoni kwake nilifurahi. Nimejaribu kuandika kwamba nilimhurumia lakini si kweli. Alimwita mama amsaidie. Mama alikuwa akinimwagia maji ya kunywa mguuni na hakugeuka.

Baba alipopata nafasi ya kusimama aliondoka akichechemea, mkono mmoja unaning'inia. Akiwa mbali akapiga kelele tusikanyage kwake tena.

Mama alirudisha klipu, nyekundu kwa nyekundu. Balbu mbili zikawaka. Waliokuja kutazama vita wakaanza kuuliza bei, naye akawajibu, akipangusa damu kwa leso ili isidondokee vyondo.

Usiku huo tulirudi Tulia, tukalala kwa susu. Asubuhi yake mwethya haukwenda kwa shamba la mtu. Kina mama walikuja kwetu wote, na ngazi, baba akiwaangalia kutoka mlangoni. Wengine waliingia kuchukua nguo zetu. Susu alishikilia ngazi, mama akapanda juu ya mabati kufungua soli.