Siku Mama Alipomuuliza Mheshimiwa

Kaka yangu alipochaguliwa kuwa mbunge, Mama alikataa kuhama. Kaka alimtafutia nyumba yenye ua na tangi la maji nje ya mji, Mama akaenda kuiona, akaisifu sana, kisha akaomba arudishwe kwake. Kwake ni Eastlands, kwenye nyumba za zamani za baraza la jiji, hatua chache kutoka mtaa wa Jericho. Baba alipangishwa hapo alipokuja kutoka Ukambani kuendesha lori, na hapo ndipo alipofia. Mama alitulea kwa kupiga msasa vinyago vya wachongaji hadi ngozi ya vidole vyake ikawa laini kama karatasi. Mimi nilirudi kuishi naye ndoa yangu ilipovunjika. Ninauza mitumba ya watoto katika soko la Gikomba.

Mtaani kwetu kuna ukumbi ambao kila mtu ana kumbukumbu zake. Watu wamefungia harusi humo, wamefanyia mikutano ya matanga, wamepigia kura. Jioni ulikuwa wa mabondia. Kaka alijifunzia ngumi humo kabla hajawa mtu wa kuitwa mheshimiwa, na alipoomba kura aliahidi kuufanya upya. Kweli mafundi walikuja. Waliezua paa, wakabeba mabati ya zamani, wakaacha kuta. Hawakurudi. Mvua za masika zikapita juu ya ukumbi ule, za vuli nazo zikapita, na sakafu ikaota majani. Baadaye ikajulikana kwamba mkandarasi alikuwa amelipwa kutoka hazina ya maendeleo ya eneo bunge kana kwamba kazi imekwisha.

Habari zilinikuta sokoni. Jirani yangu wa kibanda, mama anayeuza sweta, alikuwa na redio ndogo, na nilimwona akiipunguza sauti ghafla nilipoinua kichwa. Nikamwambia aongeze. Ilikuwa sauti ya kaka yangu, ile ya kwenye mikutano.

"Mimi simjui huyo mkandarasi," alikuwa akisema. "Sijawahi kukutana naye, sijawahi kuketi naye mahali popote. Zabuni hutolewa na kamati. Wanaonipaka matope wanataka kiti changu."

Jirani yangu alisema, "Siasa ni mbaya, dada," nami nikajibu kwamba ni mbaya kweli. Nilimwamini kaka. Sikuwa na sababu ya kutomwamini.

Sababu niliipata kwenye taarifa ya habari ya saa moja. Mama alikuwa akichambua maharagwe kwenye ungo, mimi nikikunja nguo. Runinga ikaonyesha picha ya mkandarasi, mwanamume mnene kiasi, mwenye pengo katikati ya meno ya mbele. Mama aliacha kuchambua.

"Huyo si yule?" akauliza.

"Yupi?" nikasema, ingawa nilikuwa nimemtambua.

"Yule wa Krismasi. Aliyeongezwa muthokoi."

Alikuwa yeye. Kaka alimleta kula nasi Krismasi iliyotangulia na kumtambulisha kama rafiki yake wa siku nyingi. Mtu mchangamfu. Alikaa kwenye kiti cha Baba, akala kuku na muthokoi, yale mahindi yetu ya kukobolewa na maharagwe, akaomba tena, akamwambia Mama kwamba tangu mama yake mzazi afariki hajaonja chakula kama kile. Mama alimpenda. Walipoondoka alimfungia kingine kwenye mkebe.

Mama alivuta ungo karibu. Alirudia maharagwe yake, akatoa kijiwe, akakiweka kando. Tangu jioni hiyo sikulala vizuri. Hofu yangu ya kwanza haikuwa juu ya fedha za umma wala kesi. Nilimwogopa mama yangu, mwanamke asiyepayuka, asiyetusi, lakini asiyeweza kushika uongo mdomoni, hata ule mdogo wa kumwambia mgeni kwamba chai bado ipo.

Siku zilizofuata mtaa ulibadilika. Kwenye bomba la maji, mazungumzo yalikatika nilipofika na ndoo. Watu walitusalimu kwa adabu iliyozidi. Asubuhi moja tukakuta lango limeandikwa kwa makaa: RUDISHA MABATI. Mama alisugua kwa sabuni na brashi. Maneno yakaandikwa tena. Mara ya pili hakuyagusa.

"Wakiandika langoni hawatatupiga mawe," alisema, na sikujua kama ananituliza au anajituliza.

Kaka akaanza kunipigia simu mchana, nikiwa na wateja. Zamani alikuwa akipiga kwa Mama.

"Mama amesema chochote?"

"Kuhusu nini?"

"Usinifanye mjinga. Aliangalia habari?"

"Aliangalia."

Nilisikia magari upande wake. Kisha akaniambia kwamba ameitisha mkutano wa wakazi Jumamosi, palepale ukumbini, ajibu maswali yote ana kwa ana. Washauri wake walikuwa wamemwambia kwamba mtu asiye na hatia hajifichi. "Lakini Mama asije," alisema. "Kutakuwa na vijana wa kelele. Mpeleke Machakos kwa shangazi."

Nilijaribu. Nilimwambia Mama kwamba shangazi amemkumbuka.

"Shangazi yako atakuwepo hata wiki ijayo," akasema. "Mkutano ni Jumamosi hii."

Jumamosi asubuhi alioga, akavaa gauni lake la kanisani na kilemba cheupe. Njiani nilimshika mkono. Watu walikuwa wamejaa ndani ya zile kuta. Majani yalikuwa yamefyekwa, viti vya plastiki vimepangwa, na jua lilitupiga utosini kwa kuwa juu hapakuwa na kitu. Polisi walisimama mlangoni. Tulipoingia, watu walitupisha njia, wengine wakanong'ona, "Huyo ndiye mathe wake."

Kaka alizungumza vizuri. Lazima niseme hivyo. Hakuja na jeshi la wapambe wala hakukasirika. Alieleza jinsi fedha zinavyotoka, nani anatia sahihi, nani anakagua, na kwamba yeye kama mbunge si mwenyekiti wa ile kamati. Vijana walipompigia kelele, aliwangoja wamalize.

"Mhesh, mabati ziko wapi?" mmoja alipaza sauti kutoka nyuma. "Sisi hatutaki story."

"Hata mimi nauliza ziko wapi," kaka akajibu. "Huyo mkandarasi simjui. Nikimjua nitamleta hapa mwenyewe."

Wachache wakacheka, wengine wakapiga makofi. Nilianza kuona kwamba ameshinda siku hiyo, na moyo wangu ukatulia kidogo. Hapo mwenyekiti wa mtaa akakaribisha maswali. Watu wakapanga foleni kwenye kipaza sauti. Mama akainuka.

Nilimvuta gauni. "Mama, keti."

"Niache," alisema kwa upole.

Mwenyekiti alimwona, akataka kumheshimu. "Mama, wewe njoo mbele, usisumbuke na laini."

"Laini ni ya watu wote," Mama akajibu, akasimama nyuma ya kijana mwenye kofia.

Nilimtazama kaka. Alikuwa akimjibu mtu mwingine, lakini macho yake yalikuwa yakisogea pamoja na kile kilemba cheupe, hatua kwa hatua. Sijui nilichokuwa nikikiombea. Nadhani niliomba stima ipotee. Zamu ya Mama ilipofika, alishushiwa kipaza sauti kwa kuwa ni mfupi. Hakumwita kaka kwa jina tulilomwita nyumbani.

"Mheshimiwa," alisema, "swali langu ni dogo. Huyu mtu aliyelipwa, unamjua au humjui?"

Walitazamana. Nilifikiri: sema tu. Sema unamjua, uzomewe leo, yaishe. Uso wake ulilegea mara moja, kama mtu anayetaka kuketi. Kisha akainua kidevu.

"Simjui, Mama," alisema.

"Asante," Mama akasema. "Nimesikia."

Akarudisha kipaza sauti, tukatoka. Nyuma yetu makofi yalilipuka, na nilisikia mtu akisema, "Shosho amemaliza hiyo maneno. Unaweza danganya mathe yako kweli?" Mkutano uliisha kwa nyimbo. Redio zilisema mbunge amejitetea mbele ya mama yake mzazi.

Tulitembea kurudi nyumbani. Mama alisimama kwa muuza mboga, akachagua sukuma wiki, akaomba aongezwe jani moja. Ndani, nilishindwa kujizuia.

"Mama, kwa nini hukusema pale?"

"Ningesema nini? Nilikuwa nauliza."

Sikumwelewa. Nilidhani ameamua kumficha mwanawe, na ingawa niliona aibu, nilifurahi. Wiki kadhaa zilipita. Maandishi ya langoni yalianza kufifia. Sokoni, jirani yangu wa sweta alirudia kunitania. Kila gari liliposimama nje ya nyumba nilichungulia dirishani, lakini nilianza kujiambia kwamba ni mazoea tu.

Wapelelezi walikuja asubuhi, mwanamume na mwanamke, wenye adabu. Waliomba kuketi. Nilichemsha chai ambayo hawakuinywa. Walitoa picha. Mama alifuta miwani yake kwa upindo wa leso, akaivaa.

"Mama, huyu unamfahamu?"

Nilisimama mlangoni mwa jikoni. Alikuwa na nafasi ya kusema amezeeka, amesahau. Hakuna ambaye angemlaumu.

"Namfahamu," alisema. "Alikula hapa Krismasi. Mwanangu ndiye aliyemleta."

Waliandika. Walimsomea, akatia sahihi polepole. Walipoondoka aliniomba maji ya kunywa, na glasi ilipofika mdomoni ilimgonga meno. Ndipo nilipojua kwamba na yeye alikuwa ameogopa wakati wote ule.

Kaka alikuja Jumapili mchana, peke yake, bila dereva. Hakuketi.

"Mama, umenizika."

"Nilikuuliza wewe kwanza," Mama alisema.

"Mbele ya watu wote wale? Ningesema nini?"

"Ungesema unamjua. Kumjua mtu si wizi."

"Hujui siasa," kaka akasema, na sauti yake ikapasuka. "Ningesema namjua, hakuna ambaye angesikiliza neno lingine. Ni rafiki yangu, ndiyo. Aliomba kazi kama wengine. Mimi sikumpa. Alipopokea malipo akaanza kukwepa simu zangu. Ningefanya nini? Niseme rafiki yangu ndiye aliyewaibia?"

"Na wewe ulikula?" nikauliza.

Swali lilinitoka tu. Tangu habari zile zianze, sikuwa nimemuuliza, wala sikuwahi kumsikia Mama akimuuliza. Kaka aligeuka akanitazama kana kwamba nimeingia kutoka barabarani.

"Hata wewe?" alisema.

Halikuwa jibu, na mpaka leo sijapata jingine. Mama alipakua chakula, akakiweka mezani. Kaka alikitazama kikitoa mvuke, akachukua funguo zake, akaenda. Kwa muda mrefu baada ya hapo hakupiga simu. Mama aliweka yake karibu na mto, na kila ilipolia alikohoa kwanza ndipo aipokee. Kwa kawaida waliopiga walikuwa watu wa kanisani.

Kaka alishtakiwa pamoja na rafiki yake. Wote walikana, wakaachiliwa kwa dhamana. Wakili wa kaka alibadilisha maneno: sasa mteja wake alimjua mkandarasi, ila urafiki si hatia. Magazeti hayakumwachia hilo. Mtaani wakamgawanya Mama pia. Wengine walisema ni mwanamke wa kweli, wengine wakasema mama gani humpeleka mtoto wake kortini. Bado alikwenda kila kesi ilipotajwa. Alikaa benchi la nyuma ya kaka, akiwa na chupa yake ya uji. Mwanzoni kaka hakugeuka.

Mama aliitwa kutoa ushahidi mwaka huu. Nilimsindikiza hadi ndani, nikaketi nyuma. Alisimulia Krismasi ile bila kuongeza kitu. Kisha wakili wa kaka akasimama, kijana mpole.

"Mama, uliwahi kuona mwanao akipokea chochote kutoka kwa huyu bwana?"

"Hapana."

"Uliwasikia wakizungumza kuhusu ukumbi?"

"Hapana. Walizungumza mpira."

"Kwa hiyo hapa mahakamani huwezi kusema mwanao ni mwizi?"

"Siwezi," Mama alisema. "Hilo silijui. Ninachojua ni kwamba nilimuuliza na hakuniambia ukweli."

Wakili alisema hana swali lingine. Kaka alikuwa ameinamisha kichwa. Nilimwona akisugua uso kwa viganja vyote viwili, kwa nguvu.

Hukumu bado. Kazi ya paa ilitangazwa upya, na kuta zimezungushiwa mabati ya bluu tusione ndani. Watu huniuliza sokoni ninadhani itakuwaje, nami huwaambia sijui, na hiyo ndiyo kweli. Siku zingine nasadiki kwamba kaka aliogopa tu. Siku zingine namkumbuka akiinua kidevu.

Siku ile ya ushahidi, kesi ilipoahirishwa, tulitoka kwenye korido. Wapiga picha walikuwa chini wakingoja. Lifti ilikuwa imeharibika na ngazi za jengo lile ni ndefu. Mama alishika ukuta, akaanza kushuka. Kaka alikuwa mbele na mawakili wake. Alisimama, akawaambia watangulie, akapanda tena vidato alivyokuwa ameshuka.

"Umekula?" alimuuliza.

"Nimekunywa uji."

"Uji si chakula," alisema, akamshika mkono chini ya kiwiko. Hawakuongea tena. Walishuka polepole, Mama akipumzika kila mwisho wa ngazi, nami nikiwafuata na mkoba wake na chupa tupu.