Mwezi wa Idi Kwenye Darubini

Harufu ya mafuta ya cherehani hunirudisha Guangzhou, kwenye darubini kongwe ya kituo cha kutazamia nyota, iliyolainishwa kwa mafuta hayo. Magharibi ilikuwa inaingia. Waislamu wenzetu wa mtaa wa Xiaobei walisubiri simu ya baba: kesho Idi, au tunafunga?

Nilitangulia kutazama. Niliona moshi wa viwanda tu.

"Umeuona?" Baba aliuliza, midomo imemkauka kwa saumu.

"Nimeuona, baba."

Akatazama yeye, mpaka mlinzi akaanza kutikisa funguo. Akapiga simu. "Binti yangu kauona, mimi sijauona. Ushahidi wa mtoto haupokelewi. Tufungeni."

Asubuhi, mwenyewe amefunga, alinisogezea chai na mkate.

"Wewe umeuona, mwanangu. Kwako ni Idi, kufunga ni haramu."

Nikala mkate wote, huku akinitazama.