Kopo Karibu na Mafiga

Kila ninapokata shina la ua la begonia, harufu yake chachu hunirudisha Lushoto, jikoni kwa mama.

Baba alikuwa mtunza bustani wa Mzungu. Memsahibu, mke wa Mzungu huyo, alipokwenda kwao Uingereza alimwachia begonia aliyoipenda kuliko paka wake, na unyevu wa masika ukaiozesha. Lilibaki shina moja zima. Baba alilikata chini ya kifundo, akapaka unga wa mkaa kwenye jeraha, akalichomeka kwenye kopo la mchanga na kuliweka karibu na mafiga, penye joto. Mbuzi wetu nao walilala humo humo jikoni.

“Mbuzi akilila hilo, tunahama,” mama alisema. Nyumba ilikuwa ya Mzungu.

Asubuhi ya kurudi kwa memsahibu, baba alichuchumaa mbele ya kopo. Majani yalikuwa mabichi, lakini hata shina lisilo na mizizi hukaa bichi kwa muda.

“Livute basi, baba watoto, tujue.”

“Polepole, mama. Hili si jino.”

Alilishika kwa vidole viwili, akavuta. Sisi watoto tuliacha kutafuna viazi. Shina halikutoka, mchanga ndio ulioinuka kidogo.

“Limeshika,” alisema, akaketi sakafuni. “Haya, kuleni.”