Nukta Kutoka Chumbani kwa Mama

Mama alipopata kiharusi, upande wake wa kulia ulilegea na mguu ukawa mzito, lakini akili ilibaki nzima. Daktari alituambia hivyo, na sisi wenyewe tuliiona machoni mwake kila tulipomlisha uji wenye moto kupita kiasi. Kusema ndiko kulikokataa. Akifungua mdomo hutoka pumzi na mlio mdogo wa koo, basi.

Baba naye hasikii. Kelele za karakana ya reli zilimaliza masikio yake kabla hajastaafu. Ukitaka kuzungumza naye lazima usimame mbele yake, umguse bega, useme polepole akikutazama midomo. Kwa hiyo mchana, nikiwa kazini, katika nyumba yetu ya Komarock walibaki watu wawili: mmoja hawezi kuita, mwingine hawezi kuitika.

Mimi ndiye mtoto niliyekuwa karibu. Nafundisha kompyuta katika shule moja ya sekondari Dandora, na baada ya mama kuugua nilirudi kuishi nao. Jioni moja niliingia nikamkuta baba sebuleni na gazeti lake, miwani puani.

"Mama yako amelala," akaniambia.

Nilifungua mlango wa chumba. Mama alikuwa nusu kitandani, nusu chini, kichwa kimeinama hadi sakafuni, miguu imenaswa na blanketi. Uso ulikuwa umevimba kwa damu iliyoteremka. Macho yalikuwa wazi, yananitazama kutoka chini. Alikuwa hivyo kwa muda gani, hatukujua. Tulipomwinua, baba alikaa chini, akamshika mama wayo wa mguu, akawa anarudia, "Nilikuwa hapa tu. Nilikuwa hapa tu."

Tangu siku hiyo sikuweza kufundisha vizuri. Naandika ubaoni huku namwona mama akining'inia.

Nikaamua kutengeneza kitu. Niliweka laptopu yangu ya zamani kwenye meza kando ya kitanda, pale mkono wake wa kushoto unapofika. Kutoka hapo nikapitisha waya mrefu chini ya mlango hadi sebuleni, kwenye kiti cha baba, nikauunga na bodi ndogo yenye ukubwa wa kiberiti. Bodi ile ni kompyuta pia, ila ya kazi chache tu: inapokea herufi na kuwasha au kuzima unachoiambia. Niliiunganisha na taa, na kioo kidogo cha kusomea maneno, na ile mota inayofanya simu itetemeke, ambayo niliifunga chini ya mkono wa kiti. Mama akibonyeza kibodi, herufi zingesafiri moja moja ndani ya waya, baba angetikiswa mkono, angetazama kioo.

Siku ya kujaribu nilileta bodi na kioo chake kitandani ili mama aone kazi yake. Nilimwambia aandike chochote. Kidole chake kilitembea juu ya kibodi polepole sana. M. A. J. I.

Kwenye kioo kikatokea takataka: vijiti, alama za kuuliza, herufi zisizo za lugha yoyote.

Mama alikitazama kioo. Kisha akautazama mkono wake. Akajaribu tena, akikandamiza kila herufi kwa nguvu, na takataka nyingine ikatokea. Nilielewa anachofikiri: kwamba ugonjwa umeteremka kutoka ulimini hadi vidoleni, na kwamba sasa hata kuandika kumekwenda.

"Mama, si wewe," nikasema. "Ni mashine. Kompyuta na bodi lazima zikubaliane mwendo. Hii inatuma haraka, ile inasoma polepole, ndiyo maana maneno yanavurugika."

Hakuniamini. Akageuza uso ukutani. Ikabidi niandike mwenyewe, neno lile lile, nimvute bega atazame. Takataka ile ile ikatoka. Ndipo akapumua. Nilirekebisha mwendo upande wa bodi, nikamrudishia kibodi. Kioo kikaandika MAJI. Nilifurahi nikapiga makofi. Mama akaandika tena, MAJI, akanikazia macho, hadi nikakumbuka kwamba hajanywa chochote tangu asubuhi.

Kitu kilifanya kazi. Mama akibonyeza, baba anainuka. Lakini baada ya siku chache hofu ilirudi kwa mlango mwingine. Taa isipowaka, maana yake nini? Huenda mama hana shida. Huenda pia waya umechomoka na mama anabonyeza bure. Kwa mtu aliyekaa sebuleni, mambo hayo mawili yanafanana kabisa. Nilianza kumtumia baba ujumbe kati ya vipindi: mwangalie mama. Mwangalie tena. Naye hujibu, yuko sawa, acha kazi yangu na ufanye yako.

Nikaandika programu upya. Kila baada ya muda mfupi kompyuta ya mama ingetuma nukta, hata kama hajagusa kitu. Nukta zikiendelea kufika, taa ya kijani inawaka. Zikikatika, bodi inasubiri kidogo, kisha inawasha nyekundu na kutikisa kiti. Nikaipa bodi umeme wake kutoka chaja ya simu ili waya ukichomoka isizimike nao. Nilimweleza baba: kijani, kaa. Nyekundu, nenda kwa mama, halafu unipigie.

Baba kwenye simu ni mtu wa upande mmoja. Kwa kuwa hasikii jibu, hupiga, husema lake, hukata.

Alinipigia nikiwa darasani, asubuhi, wanafunzi wakiwa kwenye mashine zao. Nikapokea mlangoni.

"Taa ni nyekundu," sauti yake ikasema juu sana. "Mlango wa mama yako haufunguki. Nasukuma haufunguki. Kuja."

Akakata.

Sikumbuki nilivyotoka. Nakumbuka msichana mmoja akiuliza, "Madam, uko sawa?" na mimi nikimpita. Nje ya lango nilipanda bodaboda ya kwanza.

"Niaje, madam. Wapi?"

"Komarock. Tafadhali, kimbia. Ni mama."

Kijana akawasha pikipiki, tukaondoka. Njiani niliandika ujumbe kwa baba, usisukume, huenda yuko nyuma ya mlango, vidole vikikosea herufi kwa mtikisiko. Hakujibu. Niliwaza mlango ule unaofunguka kwa ndani, na nguvu za mzee aliyeinua vyuma maisha yake yote, na kichwa cha mama upande wa pili. Moshi wa jalala la Dandora ulikuwa umetanda barabarani.

Nilipofungua mlango wa nyumba nikakaribishwa na harufu ya kuungua. Kwenye sinki kulikuwa na sufuria nyeusi tii. Baba alikuwa kwenye korido, bega limeegemea mlango wa chumba, shati limelowa jasho, anasukuma.

Na mlango ulikuwa unabishwa. Kutoka ndani, chini, karibu na sakafu: ko, ko, ko. Pigo dogo, la subira, kama la mtu aliyebisha muda mrefu na hajakata tamaa. Baba alikuwa amelaza shavu lake pale pale na hakujua, maana bega lake lilikuwa linatikisa mlango wote.

Nilimvuta nyuma. Nikauchukua mkono wake, nikaubandika kiganja kwenye ubao, chini, nikasubiri. Ko, ko. Aliposhika lile pigo, akateremka ukutani hadi akakaa.

"Mama, ni mimi," nikasema kwenye ufa. "Umeumia? Bisha mara moja kama ndiyo, mbili kama hapana."

Mbili.

"Unaweza kusogea kidogo? Polepole."

Nikabandika sikio kwenye ufa. Kisha nikasikia nguo ikikwaruza saruji, na mlango ukalegea upana wa mkono. Nikajipenyeza.

Alikuwa ameketi sakafuni, leso imefunguka kiunoni, mguu mbovu umezongwa na waya, laptopu imeanguka kifudifudi. Nilipoingia hakunitazama mimi. Alinyoosha mkono wa kushoto kuelekea jikoni, akitoa ule mlio wa koo, tena na tena.

Nilimwekea laptopu mapajani. Pembe moja ya kioo ilikuwa imepasuka, lakini ilikuwa hai. Akaandika: MOTO.

"Hakuna moto, Mama. Sufuria tu imeungua. Imezimwa."

Akaandika: BABA.

Baba alikuwa ameshaingia nyuma yangu. Alipiga magoti mbele ya kompyuta akasoma jina lake. Mama akaendelea, kidole kimoja: NILIBONYEZA HUKUJA.

Baba akatueleza, akimtazama mama. Alibandika maharagwe, akatoka uani kuanua nguo, akakutana na jirani ukutani, wakaongea. Kiti kilitikisika sebuleni bila mtu. Mama naye akaeleza kwa herufi moja moja: alinusa maharagwe yakiungua, akabonyeza, akabonyeza tena, hakuona mtu. Ndipo akajaribu kwenda mwenyewe. Alishika ukuta, akapiga hatua ambazo hakuna aliyejua anaziweza, hadi mlangoni, na hapo waya ukamkamata mguu, ukachomoka, naye akaanguka.

"Nilidhani umekufa," baba akamwambia.

Mama akamgusa kifuani kwa kidole, kisha akajigusa kifua chake mwenyewe. Hakuhitaji kibodi kwa hilo.

Alikuwa na alama ya pigo nyongani iliyogeuka kijani kwa wiki nzima, na hakuna mfupa uliovunjika. Waya niliupandisha juu ya fremu ya mlango. Mota ya pili nilimshonea baba kwenye mfuko wa shati, na nyaya mbili ndefu ambazo humfanya alalamike kwamba nimemfunga kama mbuzi. Nikipata bodi yenye redio, isiyohitaji waya, nitamwondolea. Nukta zinaendelea kutumwa.

Sasa mama anataka kutembea kila siku. Baba humshika kiunoni, kwenye fundo la leso, nami hufuata nyuma, mikono imetangulia, nikiogopa kila hatua. Akitaka wapunguze mwendo humfinya baba bega. Jana walifika hadi jikoni. Mama alitazama jiko, akainama kidogo, akahakikisha kwa mkono wake kwamba limezimwa, ndipo akageuka kurudi.