Mkono wa Mama Mkwe Juu ya Shimo la Fuko

Mi, hakuna kitu kinachoweza kunishangaza. Nilisukuma makala, makaa ya kupikia, kwa baiskeli toka upande wa Mutshatsha mpaka Kolwezi, magunia manne kwa safari, siku tatu njiani, wakati ndevu zangu bado hazijaota vizuri. Shule niliacha darasa la tano, na leo wenye diploma wananiomba kazi ya kupakia simenti kwenye depo yangu. Nyumba yangu ya Dilala, nyuma ya zile nyumba za zamani za kampuni, nilijenga bila injinia. Vyumba vitano. Kila bloki ilipita mkononi mwangu.

Halafu fuko wakaja.

Asiyemjua fuko nimweleze: ni mnyama wa chini, mkubwa kama kiganja, manyoya laini sana, macho kama punje ya mtama, na meno marefu ya njano yaliyotoka nje ya midomo, maana yeye anachimba kwa meno. Mwenyewe humwoni. Unaona udongo wake tu, vilima vidogo vyekundu vinavyoota asubuhi baada ya mvua. Kwanza viliota katika mihogo ya mke wangu, tukacheka. Kisha vikasogea karibu na ukuta. Siku moja barza ya mlangoni ikashuka upande mmoja, taratibu, kama mtu aliyechoka anavyokaa, na ukuta wa chumba cha watoto ukapasuka toka dirishani mpaka chini. Niliweka kidole, kikaingia chote.

Mke wangu aliangalia kile kidole.

"Batoto batalala mu chumba yetu," akasema. "Na kama hii nyumba inaanguka, baba, utajenga ingine na ile mudomo yako?"

Toka siku ile nilianza kuishi kama mtu anayeota. Nikitoka depo mchana, nalala chini kwenye simenti baridi, sikio sakafuni, na ninawasikia: kru, kru, kru, polepole, kama mtu anayekata kucha katika chumba cha mbali. Macho yakifunga, naona nyumba yangu haikai tena juu ya ardhi. Inaelea. Chini yake kuna mji mwingine wenye njia zake na wenyeji wasiojua jina langu, nami natembea humo nimeinama, natafuta mlango wa kutokea juu, kila mlango unafungwa na udongo laini kabla sijafika.

Nilipigana, msifikiri nilikaa tu. Nilimwagia mashimo pipa kwa pipa la maji, ufa ukaongezeka. Nilichoma pilipili, tukakohoa sisi. Nilileta kamyo langu moja la kubeba simenti, nikafunga mpira kwenye bomba la moshi, nikapeleka moshi chini nusu siku. Kesho yake vilima vilikuwa vipya saba. Jirani yangu, dereva wa moto, zile pikipiki za abiria, akanyoosha shingo juu ya ukuta unaozunguka parseli, kiwanja changu.

"Tata patron! Ule udongo yote ni ya nini? Unachimba mawe chini ya kitanda? Utuite basi, tukuye na majembe!"

"Ni fuko, ndugu."

"Eh! Bote banasemaka ni fuko!"

Hapa kwetu ni hivyo. Mtu akiona udongo mpya kwenye parseli yako, anafikiri umepata shaba. Wiki hiyo wanaume wawili nisiowajua walipita mlangoni kuuliza bei ya nyumba.

Ndipo mke wangu akamwita mama yake.

Niseme ukweli wote. Miaka kumi na miwili ya ndoa, sikuwahi kuona uso wa mama mkwe wangu. Kwetu mkwe hamwangalii mama wa mke wake, hazungumzi naye, hali naye sahani moja, mpaka siku atakapopeleka zawadi ya kuondoa haya. Mahari nililipa yote, tena kwa siku moja, kijiji kizima kinakumbuka. Ile zawadi ya haya nilisema nitapeleka mwezi ujao. Biashara ikashika. Akija Kolwezi, mi napita mlango wa nyuma. Nikimkuta njiani, nageukia ukuta kama mtu anayesoma tangazo.

Alishuka kwenye kamyo la mihogo na jembe moja fupi limefungwa kwenye kikwembe, kitenge cha kujifunga. Mi nilikuwa tayari nimegeukia ukuta. Nilisikia miguu yake ikizunguka nyumba, ikisimama, ikizunguka tena.

"Umwambie mukwe yangu," sauti ikamwambia mke wangu, "fuko hapendi upepo. Ukifungua njia yake, anarudi kuifunga. Tutafungua, tutamungojea. Banafanyaka wawili: mumoja anaangalia, mumoja anapiga."

"Mama anasema..." mke wangu akaanza.

"Nimesikia."

"Umwambie nimesikia kwamba amesikia," sauti ikasema.

Asubuhi ya Jumapili, mvua imekatika, ukungu mweupe umekaa juu ya mihogo, mama mkwe akafungua njia ya fuko karibu na barza. Ndani ya njia akasimamisha unyasi mmoja mwembamba. Fuko akija, unyasi unatikisika, na hapo jembe lazima lishuke nyuma yake mara moja, kumfungia kurudi. Mahali pa kuona unyasi palikuwa upande wa mama. Mahali pa kupiga palikuwa upande wangu. Kati yetu walitundika kikwembe kwenye kamba, na mke wangu akasimama katikati kubeba maneno.

Mara ya kwanza unyasi ulitikisika, mama akanong'ona, mke wangu akanong'ona, mi nikapiga. Udongo mtupu. Mara ya pili vilevile.

"Fuko anasikia midomo na miguu," mama mkwe akasema. "Wewe, mutoto yangu, ingia mu nyumba. Umwambie mukwe yangu nitatoa mukono pembeni ya kikwembe. Aangalie mukono. Paka mukono, mukono tu! Ukishuka, apige."

Tukabaki wawili.

Sijui ilikuwa saa moja au mbili. Nakumbuka mkono tu. Ulikuwa unatoka kwenye maua ya kikwembe, umeinuliwa, hautetemeki, kama tawi lililoota pale. Mishipa yake ilikuwa minene, kucha ya kidole gumba imepasuka, na umbo lake lilikuwa mkono wa mke wangu kabisa, ule ninaoujua gizani, isipokuwa huu umelima miaka thelathini zaidi. Ukungu ulipita kati yetu. Nilisahau depo. Nilisahau hata ufa. Nikawa kama nimelala macho wazi, na nikafikiri: mkono huu ulimbeba mke wangu kabla yangu, nami nimeukimbia miaka kumi na miwili kama deni.

Mkono ukashuka.

Nilipiga. Jembe likaingia mpaka mpini, na mbele yake udongo ukaanza kuruka. Nikaingiza mkono, nikamtoa fuko kwa ngozi ya mgongo, meno ya njano yanauma hewa.

"Mama! Mama, tumemupata!"

Nikainua kichwa, naye alikuwa amekwisha kusukuma kikwembe pembeni. Tulikuwa tunaangaliana. Alikuwa anacheka mdomo wote, meno mawili hayapo, machozi kwenye mashavu. Kisha tukajua, wote wawili pamoja. Akafunika uso. Nikaangalia chini, na fuko mkononi.

"Sasa naenda kwetu," akasema nyuma ya kitambaa. "Haya imevunjika. Leo leo napanda kamyo."

"Mama, hawa hawaishi peke yao. Chini kuko familia nzima."

"Kuko. Mi nahesabu nane, kenda."

"Na nyumba yangu?"

Hata nyuma ya kitambaa nilisikia anacheka.

"Mukwe wa maneno mingi, nyumba yako iko na ufa miaka kumi na mbili. Kila mwaka, kuku yake. Na kikwembe, kile cha kweli, hapana cha kuchuja rangi mu maji. Na chakula ya kula sisi wawili sahani moja, bantu baone. Ukiondoa ile haya, nabaki mpaka fuko wa mwisho."

Nilijaribu kuomba kuku sita. Mke wangu alikuwa dirishani, akasema, "Jaribu tena, uone nani atalala na fuko."

Jumamosi iliyofuata nililipa. Tulikula bukari, ugali wetu, na sombe ya majani ya mihogo mbele ya majirani, mkono wangu na ule mkono kwenye sahani moja, na yule jirani wa moto akapiga makofi. Mama alibaki wiki tatu. Tulikaa naye kila asubuhi kwenye ukungu, bila kikwembe kati yetu, bila neno, tukawatoa wanane wengine. Ufa niliuziba kwa simenti yangu mwenyewe na haujafunguka tena. Watoto wamerudi chumbani mwao.

Wenye diploma wa depo waliuliza nilitumia dawa gani na bei yake. Niliwaambia bila aibu. Kuku kumi na wawili, kikwembe, unga, mafuta na chumvi: dola mia mbili kumi na nne, na franka elfu sita mia tano za moto iliyobeba kuku.