Phurba wa Wafaransa

Mume wangu ni mwongo, na uongo wake umelisha nyumba hii tangu anioe. Mgeni akimuuliza, "Phurba, bado mbali?" yeye hujibu, "Pale tu, ukikata kona." Ukikata kona yenyewe unakuta mlima mwingine umekaa unakungoja. Wazungu wanamtukana kwa lugha zao, yeye anacheka, anawagawia biskuti, safari inaendelea. Alianza kama mpagazi wa kubeba masufuria, akapanda mpaka akawa kiongozi wa watalii, na sijasikia mgeni hata mmoja aliyemchukia. Mimi ndiye ninayemchukia, akirudi. Huko juu anaongea kutwa nzima, Kiingereza, Kifaransa cha kuokoteza, nyimbo, mizaha. Akivuka kizingiti changu anakuwa bubu.

"Ulimi umeuacha kwa nani?" namuuliza.

"Nimeupumzisha," ananijibu, kisha huyo, analala na soksi zake zinazonuka.

Basi huyo ndiye Phurba wangu. Nasema wangu kwa sababu wapo wengine. Sisi mtoto tunampa jina la siku aliyozaliwa, na Phurba ni Alhamisi. Hapa kijijini Lungdok ukiita "Phurba!" njiani wanageuka wanaume kadhaa na mbwa mmoja. Kwa hiyo msimu wa watalii ukianza, kila Phurba tunamtaja kwa wageni wake. Mwaka ule waliokuwa njiani ni wawili. Mume wangu alikuwa Phurba wa Wafaransa, anawavusha vijana kwenye kipito cha juu, kule njia inakopanda mpaka pumzi inakuwa ya kuomba. Mwingine alikuwa Phurba wa Wajapani, mtoto wa jirani yangu Yangjin, aliyekuwa bondeni na wazee wanaopiga picha maua.

Yangjin ni mjane na mtoto wake ndiye huyo mmoja. Alikuwa akiniringia ukutani tunapoanika mavi ya yaki, ng'ombe wetu wa manyoya, yawe kuni.

"Wangu yuko chini, mama Diki, na wazee wanaotembea kama konokono. Kule hata mbuzi hafi. Wako ndiye kichwa maji, kila mwaka juu, juu, utafikiri ana shamba mawinguni."

"Wako naye anapatamani huko juu kuliko wangu. Ni wewe tu unayemshika shati."

"Nitamshika mpaka litatuke!" akasema, tukacheka, maana tulijua ni kweli.

Kisha ikaja theluji isiyo ya msimu. Maua yameshachanua, viazi viko ardhini, halafu theluji! Ilianguka mfululizo mpaka mnara wa simu ukalala chini. Kilichobaki ni redio ya mawasiliano katika nyumba ya wageni ya kijiji, na mwenye redio hiyo ni Tsultrim, mtu ambaye habari ikimwingia sikioni lazima itokee mdomoni kabla hajameza mate. Mbuzi wa mtu akizaa bonde la pili, Tsultrim anatangaza.

Siku hiyo nilikuwa jikoni namenya viazi na Yangjin amekuja kuomba chumvi. Tsultrim akaingia bila kofia, mdomo wazi, na hakusema kitu. Nikajua hapo hapo. Tsultrim akinyamaza, jamani, kuna nini tena cha kuuliza?

"Sema," nikamwambia.

"Poromoko la theluji, mama Diki. Kipito cha juu. Limemchukua Phurba."

"Phurba yupi?"

"Wamesema Phurba wa Wafaransa. Nimewauliza mara mbili, naapa. Nimewauliza mpaka wakanifokea. Wafaransa wenyewe wazima, walikuwa nyuma. Yeye alitangulia kupima theluji, basi... Hawajampata. Wanasema kina ni kirefu mno, hawatampata."

Niliendelea kumenya viazi. Sijui watu wengine hufanyaje. Mimi nilimenya kile nilichoshika, nikachukua kingine, nikawa nafikiria kwamba hiki kina jicho bovu, nilitoe. Yangjin akaniondolea kisu mkononi. Ndipo niliposikia sauti ya mtu analia kwa nguvu, nikashangaa ni nani, kumbe ni yeye, si mimi.

Mimi nilikauka. Naomba mnielewe: sikulia. Watu walikuja, wakanivika shali, wakakaa, wakawasha taa za siagi, na mimi niko pale kama gogo. Kifo hakibishi hodi, wakasema. Nikawaitikia, ndiyo, hakibishi. Kumbe rohoni nilikuwa nangoja asukume mlango aseme amechoka. Nilimkasirikia vibaya sana. Niliwaza, hata ulimi wako umekwenda nao huko huko, hukuniachia hata neno!

Aliyenililia ni Yangjin. Alilia kwa ajili yangu mpaka macho yakamvimba. Aliniosha uso, akanitia unga wa shayiri mdomoni kwa vidole vyake kama mtoto mchanga, akapika chai ya wageni wote, akawafukuza watoto na mbwa. Nguo za mume wangu ni yeye aliyezikunja ili lama, kuhani wetu, achukue, maana mimi kila nikishika shati nasahau nililishikia nini.

Na mdomo ni yeye aliyeulinda. Kwetu mtu akifa jina lake halitajwi. Ukilitaja anageuka nyuma, na akigeuka anapoteza njia, anabaki anazungukazunguka huko hana kwao. Yangjin alisimamia sheria hiyo kama askari. Binti yangu Diki alipoteleza akasema, "Baba Phurba alikuwa..." Yangjin akamziba mdomo kwa kiganja.

"Mwache aende, mwanangu. Usimvute."

Hata mwanawe mwenyewe akaacha kumtaja, kwa kuwa jina ni hilo hilo. Akawa anasema "yule wangu".

"Yule wangu akirudi atakulimia viazi vyako, mama Diki. Yule wangu ana mikono, wewe usiogope. Hutalala njaa nami nipo."

Nilimshika mkono nikamwambia asante. Nakumbuka niliwaza, afadhali angekuwa wa mwingine, si wangu. Nani asiyewaza hivyo?

Wakati huo theluji imekoma na jua linachoma. Lama alikuwa amekaa pembeni ya jiko anasoma kitabu cha kumwonyesha marehemu njia, nyumba imejaa, Tsultrim yuko dirishani anakula, Yangjin anazunguka na birika la chai ya siagi. Mlango ukasukumwa. Akaingia mume wangu.

Alikuwa mweupe. Uso mweupe, nyusi nyeupe, koti jeupe. Lama akanyamaza katikati ya neno. Mama mmoja akajifunika kichwa na shali. Tsultrim, mwanamume mzima mwenye wajukuu, aliruka nje kupitia dirishani na bakuli lake mkononi, tukamsikia akianguka kwenye rundo la mavi ya yaki. Mama wee! Nilitaka kusema jina lake nikakumbuka kwamba halitajwi, nikabaki nimeachama kama samaki.

"Wewe umekufa," nikamwambia. Ndilo neno nililompokea nalo mume wangu.

Hakunitazama. Alisimama mlangoni akiangaza watu mmoja mmoja kama anayetafuta mtu, na macho yake yakanipita. Yakanipita mimi, mkewe! Hata katika bumbuwazi lile nilihisi hasira ikinipanda. Mimi ndiye mjane hapa, nikasema moyoni, unamtafuta nani mwingine?

Wa kwanza kumwamini alikuwa Yangjin. Aliweka birika chini kwa kishindo, akamrukia, akamshika mashavu kwa mikono miwili, na ule weupe ukahamia mikononi mwake.

"Ni unga! Jamani ni unga! Ni mzima!" Alicheka na kulia pamoja. "Mama Diki, inuka, mumeo huyu hapa! Amesagwa wapi huyu? Nani amekumwagia unga, we mwendawazimu?"

"Bibi wa darajani," akasema mume wangu kwa sauti ndogo. "Aliponiona alidhani ni mzimu. Alinirushia unga, akaniambia niende zangu, nimeshakufa. Ndiye aliyeniambia. Nilikuwa sijui."

"Hukujua kama umekufa!" Yangjin akapiga makofi. Watu wakaanza kucheka, kile kicheko cha hofu inayotoka. "Sikilizeni! Mtu amekufa hana habari! Lama, rudisha nguo za watu! Diki, njoo umshike baba yako. Lo, Tsultrim, leo nitakunyonga na waya wa redio yako!"

Tsultrim akachungulia dirishani, nywele zimejaa vipande vya mavi.

"Mimi nilisema nilichoambiwa! Phurba wa Wafaransa! Si ndivyo walivyosema? Waulizeni!"

Nilikuwa nimeshafika kwa mume wangu, nimeshika mkono wa koti lake kwa vidole viwili, kuhakikisha. Kulikuwa na mkono ndani. Ulikuwa wa moto. Lakini mkono ule haukunishika. Alikuwa anamtazama Yangjin tu, na machozi yalikuwa yanachora njia kwenye ule unga. Akavua kofia, kisha mtu yule akapiga magoti sakafuni mbele ya jirani yangu.

Yangjin bado anacheka. "Inuka bwana, mimi si mungu, nenda kwa mkeo. Unapiga magoti ya nini? Haya, tuambie. Kama wewe uko hapa, Wafaransa walivuka na nani?"

Aliuliza hivi hivi, kwa furaha, kama mtu anayetaka kusikia hadithi iliyobaki. Swali likatoka mdomoni mwake, likakaa pale katikati yetu sote. Niliona uso wake ukilisikia. Kicheko kilibaki kwenye meno muda kidogo, macho yameshaacha kucheka.

"Mgeni wangu mmoja mapafu yalijaa maji," mume wangu akasema. "Pale njiapanda, kabla ya kupanda. Helikopta ikaja, ikanichukua naye mpaka mjini Kathmandu. Wafaransa waliobaki walikuwa wanalia wanataka kuvuka, wamesafiri mbali. Na yeye mwanao alikuwa pale na wazee wake wa Kijapani, wazee walitaka kupumzika. Nikamwomba mimi. Mama, ni mimi niliyemwomba. Nikamwambia, wachukue wageni wangu, njia unaijua. Alifurahi. Alirukaruka kama mtoto. Theluji ilikuwa bado haijaanza. Kule Kathmandu ndege zikafungwa, simu haziingii huku, mimi nikawa nakaa tu sijui kitu, mpaka leo darajani."

Kwa hiyo walichosema kwenye redio kilikuwa kweli. Tangu walipokabidhiana wageni pale njiapanda, Phurba wa Wafaransa alikuwa mtoto wa Yangjin. Nasi tulimzika jina siku zote hizo mbele ya mama yake, na mama yake akitusaidia.

"Alikuwa amekula?" Yangjin akauliza.

"Alikula, mama. Alikula sahani yake, akamaliza na yangu."

"Vizuri," akasema.

Akajipangusa unga wa mume wangu kwenye aproni yake, taratibu, kidole kwa kidole. Ningemshika. Ningemfanyia yote aliyonifanyia, kumwosha, kumlisha. Lakini furaha ilikuwa imenijaa kifuani kama chai inayotaka kufurika, nikaogopa nikimgusa ataisikia. Nilibana meno. Bado nilikuwa nimeshika koti la mume wangu na sikuweza kuliachia, hata kwa ajili yake.

Yangjin akatoka nje. Sote tukamfuata mpaka uani. Alisimama penye ukuta wetu wa kuanikia, akaelekea mlimani, akajaza pumzi, akaita.

"Phurba!"

Watu wakashtuka. Huyu ndiye aliyetuziba midomo. Tsultrim akainua mkono kama anataka kumnyamazisha, halafu akauteremsha.

"Phurba! Geuka! Phurba, geuka nyuma, baba, rudi huku! Phurba!"

Alikuwa anamvuta. Aliijua sheria kuliko sisi sote, na alikuwa anamvuta kwa nguvu zake zote, apotee njia, azungukezunguke, lolote, mradi arudi. Lama alitazama chini. Hapakuwa na mtu aliyethubutu kuweka kiganja kwenye mdomo ule.

Mume wangu, mtu ambaye nyumbani hana ulimi, akanitoa vidole kwenye koti lake kimoja kimoja. Akaenda kusimama nyuma ya Yangjin, kichwa wazi.

"Phurba!"

"Naam, mama," akaitika.

Yangjin hakugeuka kumtazama. Aliita tena, naye akaitika tena, na waliendelea hivyo mpaka sauti ya Yangjin ikakauka kabisa.